Dripu ya Mzee na Kalamu ya Muuguzi



Wapo watakaouliza Tume ya Haki na Amani inatafuta nini katika fomu za wauguzi. Tumezoea kuisikia ikinena juu ya ardhi, kura, mishahara na wafungwa. Leo inanena juu ya dripu. Jibu ni kwamba pale ambapo mtu hawezi tena kujisemea, karatasi ndiyo humsemea, na mwenye kuijaza karatasi hiyo ana mamlaka juu ya mwili wake. Hapo pana suala la haki, hata kama hapana polisi wala hakimu.

Nitayazungumzia hasa makao ya wazee na wagonjwa wa muda mrefu nchini Marekani. Vijana wetu wengi waliovuka bahari wameajiriwa humo, na si ajabu jirani yako katika Jumuiya ana binti anayekesha huko usiku huu. Tena Wamarekani wameliandikia jambo hili kanuni kwa undani, nasi twaweza kujifunza kutokana na yaliyowafanikia na yaliyowashinda.

Mwaka 1987 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuyarekebisha makao hayo, baada ya malalamiko ya miaka mingi juu ya wazee waliofungwa vitandani na kupewa dawa za kuwalegeza ili wasisumbue. Makao yote yanayopokea fedha za bima za serikali yaliagizwa kupima hali ya kila mkazi kwa fomu inayofanana nchi nzima. Miongoni mwa maswali ya fomu hiyo lipo hili: je, mkazi amepewa dawa kwa njia ya mshipa? Swali ni fupi, lakini maelezo ya kulijibu ni marefu. Maji ya chumvi ya kusafishia mrija hayahesabiwi kuwa dawa. Maji ya Ringer pia hayahesabiwi, wala dextrose ya asilimia 50. Dawa iliyotolewa wakati mgonjwa anasafishwa damu kwa mashine haiandikwi hapo. Tangu Oktoba 2023 fomu hutaka pia ielezwe kama dawa hiyo ni ya kuua vijidudu, ya kuzuia damu isigande, au ya aina nyingine.

Kwa nini uchambuzi wote huo? Kwa sababu jibu lina bei. Tangu mwaka 1998 Medicare, yaani bima ya serikali kwa wazee, imekuwa ikiyalipa makao kwa kila siku anayouguzwa humo mgonjwa aliyetoka hospitali, na kiwango cha malipo hutegemea majibu ya fomu. Kwa miaka 12 iliruhusiwa kuhesabu hata dripu aliyowekewa mgonjwa huko hospitalini, ndani ya siku 14 zilizotangulia. Basi nyumba iliweza kupandishwa daraja la malipo kwa ajili ya dawa ambayo muuguzi wake hakuigusa kamwe. Wala hakuna aliyedanganya. Kanuni yenyewe ndiyo iliyosema hivyo. Mianya ya namna hii hunisumbua kuliko wizi wa wazi, maana mwizi angalau hujua kwamba anaiba. Serikali iliuziba mwanya huo kuanzia tarehe 1 Oktoba 2010. Katika utaratibu ulioanza tarehe 1 Oktoba 2019, dawa ya mshipani huongeza alama 5 katika hesabu ya malipo, lakini sharti iwe imetolewa mtu akiwa mkazi wa nyumba hiyo.

Sisemi kwamba malipo hayo si halali. Dawa ya mshipani hudai muuguzi mwenye ujuzi, vifaa safi, na jicho lisilosinzia. Ninalolipinga ni desturi iliyojengeka juu ya karatasi. Wauguzi hufundishwa kwamba kisichoandikwa kihesabiwe kuwa hakikufanyika, na hilo ni fundisho jema. Lakini taratibu zimeligeuza kichwa chini miguu juu: kilichoandikwa sasa huhesabiwa kuwa kimefanyika. Mkaguzi husoma karatasi, bima hulipa karatasi, daktari huagiza kwa kutazama karatasi. Anayejua ukweli wenyewe ni mzee aliyelala pale, naye pengine amekwisha kusahau hata majina ya wanawe.

Tuchukue mfano wa vankomaisini, dawa ambayo mara nyingi hutolewa kwa majuma kadhaa kwa mzee mwenye maambukizi ndani ya mfupa. Imeagizwa saa nane usiku na saa nane mchana. Usiku huo mkazi mwingine ameanguka bafuni, na muuguzi aliye peke yake anaifikia dripu saa kumi alfajiri. Zamu inapokwisha anaweka sahihi kwenye safu ya saa nane, kama ilivyopangwa. Hapana aliyeibiwa, ungesema. Lakini mchana huo damu ya mzee itachukuliwa kabla ya dozi inayofuata ili kupima kiasi cha dawa kilichobaki mwilini. Karatasi inasema zimepita karibu saa 12. Kweli ni karibu saa 10. Kipimo kitaonyesha dawa nyingi kuliko ilivyo haki, daktari ataipunguza, na ule ugonjwa wa mfupa utaendelea kula. Kosa la saa mbili limempotosha daktari aliyefanya kazi yake vema. Katika katekesi tulifundishwa juu ya ushahidi wa uongo, ila tumezoea kuuachia mahakama tu.

Hata hivyo sitaki lawama yote imwangukie yule muuguzi. Mwenye nyumba aliyempa wakazi wengi kuliko mikono yake ndiye wa kwanza kuulizwa. Mei 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya kutaka kila mkazi apate walau saa 3.48 za uuguzi kwa siku. Wenye makao wakaenda mahakamani, na Aprili 2025 mahakama ya shirikisho huko Texas ikaibatilisha. Hoja yao ilikuwa kwamba wafanyakazi hawapatikani na gharama haibebeki. Hoja hiyo haikosi ukweli, hasa vijijini. Lakini anayesema hana watu wa kutosha asipokee wagonjwa wa dripu kana kwamba anao.

Na hapa niwataje vijana wetu. Aghalabu wao ni wasaidizi wa wauguzi. Kuning'iniza dawa ya mshipani si kazi yao. Lakini wao ndio humwogesha mzee asubuhi, na wao ndio huona kwanza mkono uliovimba, ngozi iliyokuwa nyekundu kuzunguka kanula, au shuka lililolowa kwa dawa iliyovuja. Aliyeona na amwambie muuguzi, tena amwombe aandike saa ile ile. Ukiwa mgeni, mwenye kibali cha kazi kinachokaribia kwisha, kusema hivyo kwahitaji ujasiri. Wazazi wanaoongea nao kwa simu kila Jumapili wawatie moyo katika hilo, pamoja na kuulizia fedha za paa.

Sheria ya huko humpa mkazi, au anayemwakilisha kisheria, haki ya kuonyeshwa kumbukumbu zake ndani ya saa 24, bila kuhesabu mwisho wa juma na sikukuu, na kupata nakala ndani ya siku mbili za kazi. Ni haki nzuri, ila haina faida kwa asiyeidai.

Kwetu wazee wengi hutunzwa nyumbani, na dripu huwekwa zahanati au hospitali. Kamati za parokia zinazotembelea makao ya wazee hupeleka sabuni, sukari na kanga, nazo hupokelewa kwa shukrani. Nashauri wajumbe waongeze jambo moja: wamwulize msimamizi, kwa heshima, dawa za sindano huandikwa wapi, na nani huweka sahihi. Gentamaisini, inayotumika sana katika hospitali zetu, huweza kudhuru figo na masikio. Mzee asiyesikia vizuri tangu zamani hatagundua kwamba sasa anasikia vibaya zaidi, na bila daftari hakuna atakayejua amepewa kwa siku ngapi.

Na kama mzazi wako amerudishwa kutoka hospitali akiwa na kanula mkononi, uliza siku hiyo hiyo ni nani aliyeagizwa kuiondoa, na lini.