Wakili Aliyetetea Ukiritimba wa Karata

Katika Bunge la Uingereza la mwaka 1601, ilisomwa orodha ya bidhaa ambazo Malkia Elizabeth alikuwa amewapa vipenzi vyake haki ya kuziuza wao peke yao. Chumvi ilikuwamo, siki ilikuwamo, na hata wanga wa kukazia kola za nguo. Mbunge mmoja, William Hakewill, akauliza kama mkate nao haumo. Wenzake waliposhangaa, akawaambia kwamba wasipochukua hatua, utakuwamo kabla ya Bunge lijalo.

Malkia aliahidi kufuta hati zilizowaumiza raia, na zilizobaki akaziachia mahakama. Miongoni mwazo ilikuwa hati ya Edward Darcy, mtumishi wa jumba lake, ambaye mwaka 1598 alipewa ukiritimba wa karata za kuchezea kwa miaka 21. Thomas Allein, mfanyabiashara wa London, akatengeneza na kuuza karata zake mwenyewe, naye Darcy akamshtaki.

Aliyesimama upande wa Darcy alikuwa Edward Coke, Mwanasheria Mkuu wa Malkia. Mzaliwa huyu wa Norfolk alikuwa ameingia uwakilini mwaka 1578, na kwa wakati huo ni wachache mno waliomfikia kwa elimu ya sheria, na pengine hakuna aliyemfikia kwa ukali wa ulimi. Upande wake ulidai kwamba karata si chakula wala mavazi, bali ni mchezo wa kupoteza wakati, hivyo Malkia ana haki ya kuuwekea mpaka. Hoja haikuwa mbaya, lakini ilishindwa, na hati ya Darcy ikabatilishwa.

Jambo la ajabu lilifuata baadaye. Coke akawa jaji mwaka 1606, na mwaka 1615 akachapisha taarifa ya kesi hiyo hiyo aliyoshindwa, akieleza kwa nini ilistahili kushindwa. Ukiritimba, aliandika, huzaa madhara matatu: bei hupanda, kwa kuwa muuzaji ni mmoja naye hujipangia apendavyo, bidhaa huharibika, kwa kuwa mwenye hati hutazama faida yake tu, na mafundi waliokuwa wakilisha watoto wao kwa kazi hiyo hugeuka maskini. Taarifa za mawakili wengine hazina maelezo yote hayo, na baadhi ya wanahistoria hudhani kwamba mengi ni fikira za Coke mwenyewe. Iwe ni toba au ni ujanja wa mwanasheria, hata hivyo, yeyote aliyewahi kununua mahitaji ya jikoni katika duka la pekee mtaani atayatambua madhara mawili ya kwanza bila kufundishwa.

Mfalme James wa Kwanza alimfukuza ujaji mwaka 1616. Coke akarudi Bungeni, akafungwa miezi kadhaa katika ngome ya Tower kwa kutetea haki za Bunge, na alipotoka alikuwa miongoni mwa walioongoza kupitishwa kwa Sheria ya Ukiritimba ya mwaka 1624. Sheria hiyo ilibatilisha hati za namna ile, isipokuwa za uvumbuzi mpya kwa miaka 14, na ikaamuru aliyedhuriwa alipwe mara tatu ya hasara yake. Malipo hayo ya mara tatu yalionekana tena Marekani, katika Sheria ya Sherman ya mwaka 1890.

Lakini sheria iliacha mwanya kwa makampuni. Kwa mwanya huo Mfalme Charles aliipa kampuni moja biashara ya sabuni, na watengenezaji wa zamani wakatozwa faini na kutiwa gerezani. Watu walipolalamika kwamba sabuni mpya haifai, mwaka 1633 wanawake wafuaji waliletwa kufua hadharani mjini London, sabuni mpya kwa ya zamani. Ikatangazwa kwamba mpya ndiyo bora. Wenye nyumba waliendelea kuulizia ile ya zamani.