Mambo ya Nyumbani: Joto la Usiku Wakati wa Kipupwe

Kipupwe kimeingia, na katika nyumba zetu za Mbeya na Iringa kila mtu atafuta blanketi lake. Ndugu zetu wa pwani hutuuliza kwa nini twavaa makoti mwezi wa Juni. Jawabu ni mwinuko wa nchi. Kila tupandapo mita 1,000, joto hupungua kadiri ya nyuzi 6, na mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Tena katika Juni na Julai mara nyingi mbingu hazina mawingu ya kuifunika nchi, nalo joto la mchana hupaa usiku kucha. Kwa hiyo alfajiri nyingi kipimo huwa chini ya nyuzi 10, na huko Kitulo umande huganda juu ya majani.

Baridi hiyo yaumiza, lakini iko dawa ya baridi iuayo kuliko baridi yenyewe, nayo ni jiko la mkaa chumbani. Kila kipupwe twasikia habari za watu walioingiza jiko ndani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala, wala hawakuamka. Watu husema, “Mkaa umekwisha kuwa mwekundu, hauna moshi, basi hauna madhara.” Sivyo. Mkaa uwakao penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kuchukua hewa njema. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, na miguu hulegea. Aliyelala hasikii lolote. Wala si maskini peke yao wapatwao. Mwaka 1902 mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, Émile Zola, alikufa nyumbani kwake Paris kwa hewa hiyo hiyo, kwa kuwa moto ulikuwa ukiwaka chumbani na bomba la moshi halikupitisha hewa.

Pengine msomaji atajibu, “Babu zetu walilala kando ya moto maisha yao yote.” Ni kweli. Lakini paa la nyasi lilipitisha hewa, na moshi wa kuni ulimwamsha mtu kwa kumkohoza, ingawa nao uliharibu vifua vya wengi. Nyumba ya leo ina saruji, bati na vioo. Sumu ikijaa haina pa kutokea.

Basi kanuni yetu ni hii: nyumba iliyozibwa isiingizwe moto, na mahali penye moto pasizibwe. Hata dirisha likiachwa wazi kidogo, mtu asilale pamoja na jiko. Apike nje au katika jiko la nje, aote moto jioni pamoja na jamaa zake, kisha aingie ndani bila moto.

Sasa, joto litatoka wapi? Litatoka katika miili yetu na katika jua, nasi kazi yetu ni kulizuia lisitoroke. Wazee wa Uhehe walilijua jambo hili. Tembe zao zilikuwa na kuta nene za udongo, na juu ya paa waliweka udongo pia. Bati letu ni jembamba. Usiku hupoa upesi, na joto la chumba hupotea kwa njia hiyo. Kwa hiyo fedha kidogo tuliyo nayo tuitumie kwanza kwa dari. Mianzi iliyopasuliwa, matete, au magunia yaliyoshonwa pamoja na kuwambwa yatafaa sana, ila yasiwekwe juu ya mafiga.

Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza kwamba usipoziba ufa utanunua na blanketi la pili. Chukua udongo mfinyanzi, uchanganye na majani makavu yaliyokatwakatwa, uzibe nyufa za ukuta na kando za madirisha. Mfuko mrefu wa kitambaa, uliojazwa maranda, uwekwe chini ya mlango. Wenzetu wa Mafinga wanayo maranda tele penye mashine za mbao. Lakini yaache matundu madogo ya juu, karibu na paa, maana watu walalao pamoja huhitaji hewa, na chumba kisicho na hewa hueneza kifua kikuu.

Mchana fungua madirisha, jua liingie. Saa kumi jioni yafunge, kabla baridi haijatangulia. Ajengaye nyumba mpya akumbuke kwamba kwetu jua la Juni hupita upande wa kaskazini, na upepo wa baridi hutoka kusini. Dirisha kubwa na liwe kaskazini.

Kitandani, baridi nyingi hutoka chini. Tandika mkeka, kisha godoro la maganda ya mahindi yaliyokauka vizuri. Blanketi mbili nyembamba hushinda moja nzito, kwa sababu hewa iliyotulia katikati hutunza joto. Tofali lililopashwa kando ya moto, likafungwa katika kitambaa kinene, hupasha miguu ya mzee. Lakini lisiwe la moto kuliko mkono uwezavyo kustahimili, wala lisimguse mtoto mchanga.

Ukikuta watu wamelala na jiko, nao hawaamki, usikawie kuuliza habari. Fungua mlango na madirisha, uwatoe nje penye hewa, kisha wapelekwe hospitali wapewe oksijeni, hata kama wamekwisha kuzinduka. Na watu wa chumba kimoja wakiamka wote wanaumwa kichwa, tusidhani upesi kwamba ni malaria.

Walimu, twawaomba mlifundishe jambo hili darasani juma hili, maana mtoto huweza kumkumbusha baba yake bila kumvunjia heshima. Nasi wazazi, usiku wa leo, kabla komeo halijaingia, jiko litoke kwanza.