Damu Ilikuwa Inakwenda Wapi?
Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Uganda

Mheshimiwa Waziri,

Najua meza yako pale Barabara ya Lourdel haikosi mafaili, kwa hiyo sitazunguka. Kaka yangu, fundi wa magari wa Masese, Jinja, amefariki kwa saratani ya utumbo mpana baada ya kutibiwa kila kitu isipokuwa saratani ya utumbo mpana.

Ninalo daftari lake la matibabu, lile la shule ambalo wagonjwa tunalinunua wenyewe dukani ili daktari apate pa kuandika. Ukurasa wa kwanza ni malaria. Unaofuata ni dawa za minyoo. Kisha vidonge vya kuongeza damu, kisha vidonge vile vile tena. Miandiko inabadilika, wino unabadilika, mara bluu mara mweusi, lakini maneno hayabadiliki: upungufu wa damu. Mwishowe akalazwa, ndugu tukatoa damu, akaongezewa, akapata nguvu, akaruhusiwa na kupewa hongera. Baada ya muda akarudi akihema vile vile. Akaongezewa tena.

Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, Mheshimiwa. Haingii mwezini, hazai, hakukatwa panga. Damu yake ilikuwa inakwenda wapi? Katika daftari zima hakuna mkono ulioandika swali hilo.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona chooni. Uvimbe ukiwa upande wa kulia wa utumbo mpana, damu huchanganyika na kinyesi kidogo kidogo na jicho halioni kitu. Ndiyo maana kuna kipimo kwa ajili ya damu hiyo. Mtu anapewa kichupa chenye kijiti, anakwenda nacho nyumbani, anakichovya kijiti kwenye kinyesi chake, anafunga, anarudisha. Kipimo cha kisasa kinatambua damu ya binadamu peke yake, hivyo hata aliyekula nyama jana hana haja ya kuungama. Hakisemi una saratani. Kinasema damu ipo, mtafute inakotoka. Uingereza wanawatumia kipimo hiki kwa posta watu wa miaka 50 hadi 74 kila baada ya miaka miwili, wakiwa wazima, bila kuomba. Na tangu 2023 miongozo yao inawataka madaktari wakitumie pia kwa mtu kama kaka yangu, aliyepungukiwa damu bila sababu kujulikana. Sisi hatuna mpango wowote wa taifa wa kupima saratani hii kabla haijajitangaza yenyewe.

Vituo alivyopitia sitavitaja. Aliyeandika hakuwa na kichupa, na akihamishwa ataletwa mwingine asiye na kichupa.

Najua majibu yatakayoandaliwa. Kwanza, safura na kichocho. Ni kweli: wengi wanaoishi kando ya ziwa kuanzia Jinja hadi Mayuge wana kichocho cha tumbo, na minyoo nayo hutoa damu, kwa hiyo kipimo kinaweza kuita wengi wasio na saratani. Basi watibuni kichocho kwanza, kisha mpime tena. Miaka na miaka mmekuwa mkitukusanyia vinyesi vijijini kutafuta hicho hicho kichocho. Tumezoea, hatuoni haya. Pili, joto huharibu sampuli. Pikipiki za kubeba sampuli za VVU na kifua kikuu kutoka vituo vidogo hadi maabara mnazo, na zinapita mbele ya nyumba zetu. Tatu, watu hawataweza kujipima. Wasichana wanajipima mimba, watu wanajipima VVU kwa mate sebuleni. Kijiti ndicho kitatushinda?

Jibu la nne halisemwi kwa sauti, nalo ndilo limetuua: kwamba huu si ugonjwa wetu. Limetoka hapa hapa. Mwaka 1957 daktari Denis Burkitt wa Mulago, akiwa ziarani hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto aliyevimba taya kama yule aliyekuwa amemwona Kampala. Saratani ile leo ina jina lake duniani kote. Baadaye daktari huyo huyo alieneza hoja kwamba Mwafrika wa kijijini haugui saratani ya utumbo mpana kwa sababu chakula chake kina nyuzinyuzi nyingi. Huenda kwa wakati wake alikuwa sahihi. Lakini pita Mbale jioni uhesabu meza za chapati za rolex na chipsi, halafu uniambie nyuzinyuzi ziko wapi. Daftari la saratani la Kampala, linaloandikwa tangu 1954, limeonyesha ugonjwa huu ukiongezeka. Burkitt angalau alichungulia dirishani.

Kaka alipofika Kampala na kuingiziwa kamera, saratani ilikuwa imeshaingia kwenye ini. Gereji imeuzwa. Kitinda mimba wake yuko nyumbani, hana ada.

Sasa ninachotaka. Kila mwanamume, na kila mwanamke aliyekwisha koma hedhi, atakayeandikiwa upungufu wa damu Jinja au Mbale, apewe kichupa siku hiyo hiyo pamoja na hivyo vidonge. Wahudumu wa afya wa vijiji wapewe vya kugawa kwa waliofikisha umri wa kupimwa. Na msitugawie vichupa bila kamera: atakayekutwa na damu achunguzwe huku huku mashariki, na mtu anayejua kuishika, kwa nauli ya bodaboda. Wala kamera moja haitoshi: nchi hii ilishawahi kuwa na mashine moja tu ya mionzi ya kutibu saratani, ikafa mwaka 2016, wagonjwa wakabaki wakitazamana hadi nyingine ilipopatikana. Wakubwa hawakutazamana na mtu. Wao tumbo likiuma hupanda ndege, na huko waendako swali la damu inakwenda wapi huulizwa kabla hawajavua viatu.

Naomba jibu la maandishi, Mheshimiwa, na lisianze na pole. Pole nilizipata za kutosha matangani. Lianze na tarehe ambayo vichupa vya kwanza vitafika Walukuba na Namakwekwe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Kiswahili, dada wa marehemu,
Mbale