Konvetisa ya "sport" haifai kwa mchanga wetu

Wiki hii watu watatu wameniuliza swali moja. Tuweke konvetisa ya mizunguko ya juu kwenye motokari yetu ya otomatiki, ndiyo au hapana? Wa kwanza ni kijana wa mjini anayependa mbio. Wengine wawili ni mababa wa familia zilizokimbia vijiji vyao. Wamechanga franga na ndugu zao ili wanunue motokari ya kubeba watu na mizigo kwenye barabara za Kabongo na Kaniama. Kijana nilimwambia ajaribu, franga ni zake. Wale mababa wawili niliwajibu hapana.

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Konvetisa ni ile nyungu ya chuma iliyo kati ya motere na buati ya otomatiki. Ndani yake mna mafuta na magurudumu yenye mapanga. Gurudumu moja linazungushwa na motere na kutupa mafuta. La pili linapigwa na mafuta hayo na kuzungusha buati. Kati yao kuna la tatu dogo linalorudisha mafuta kwa pembe nzuri, na hilo ndilo linaloweza kuzidisha nguvu karibu mara 2 wakati motokari inaondoka. Hakuna chuma kinachoshika chuma pale mwanzo. Ndiyo maana unaweza kusimama ukiwa umeweka D na motere isizimike.

Sasa funga magurudumu kwa breki, kanyaga esanse mpaka chini. Motere itapanda, halafu itafika mahali itakataa kuendelea. Hapo ndipo mizunguko ya kukwama. Motokari nyingi ndogo kutoka Japani zinakwama kati ya mizunguko 2000 na 2600 kwa dakika. Wanaoshindana mbio za moja kwa moja kule Marekani wanaweka konvetisa ya kipenyo kidogo inayokwama kwenye 3000, 4000, hata zaidi. Wana sababu: motere zao zimebadilishwa shafti ya kufungulia vali, na chini ya 3000 hazina nguvu kabisa. Wanataka ziondoke zikiwa tayari zimeamka. Tena wanakimbia kwenye lami, sekunde kumi na kitu, kisha wanazima na kupoza.

Lakini chini ya ile mizunguko ya kukwama, konvetisa inateleza, na kuteleza ni joto. Motere ikitoa kilowati 60 huku magurudumu hayasogei, kilowati zote 60 zinaingia ndani ya mafuta kama moto. Buati ndogo ina lita 6 mpaka 8 tu za mafuta. Joto linapanda kwa sekunde, si kwa saa.

Mnaijua barabara yetu wakati wa kiangazi. Mchanga unafika kwenye ekseli, motokari inalia, inakwenda mwendo wa mtu anayetembea, ndani kuna watu saba na mifuko ya mahindi juu. Upepo haupiti kwenye radiyateri, na katika motokari nyingi mafuta ya buati yanapozwa humo humo. Ile klachi ndogo ya ndani ya konvetisa, inayofunga ili kuteleza kuishe, haifungi kwa mwendo huo. Kwa hiyo hata konvetisa ya kiwandani inateseka. Ukiweka ya 3000 umeongeza mateso tu, na motere yako ya kawaida, yenye nguvu yake chini, haipati faida yoyote.

Kinachonikasirisha zaidi kiko sokoni. Baba mmoja kati ya hao wawili alipelekwa kuona motokari ya mkono wa pili. Alipokanyaga esanse, motere ilipaa juu kwa sauti kubwa kabla motokari haijasogea. Muuzaji akamwambia: "Unasikia? Hii wameiweka konvetisa ya sport." Bei ikapandishwa. Mimi nilikuwapo. Tulivuta kijiti cha kupimia mafuta ya buati: yalikuwa meusi, yananuka kama kitu kilichoungua. Ile haikuwa sport. Ni klachi za buati zilizokwisha, zinateleza, na motere inapaa kwa kuwa hakuna kinachoishika. Mtu mwenye haraka angelipa bei ya juu kwa ugonjwa.

Basi kabla ya kutoa franga, fanya hivi. Mafuta ya buati kwa kawaida ni mekundu na safi. Yakiwa kahawia yenye harufu ya kuungua, ondoka. Kisha, motere ikiwa imepata moto, breki ya mkono na ya mguu zote zimefungwa, mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma, mwombe mekanisye akanyage esanse yote kwenye D na asome mizunguko. Isizidi sekunde 5, maana unachemsha mafuta. Linganisha na namba ya kitabu cha motokari. Ikipita sana, kuna kitu kinateleza. Ikiwa chini sana, ama motere imechoka, ama lile gurudumu la tatu limeharibika. Sisi tuko zaidi ya mita 1000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, motere isiyo na tabo inapungukiwa nguvu kidogo. Kupungua kidogo kusikutishe.

Na kijana wetu wa mbio? Nilimwambia asiamini namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Konvetisa ile ile ikiwekwa kwenye motere yenye nguvu zaidi inakwama juu zaidi, kwenye motere dhaifu inakwama chini. Atazame kwanza nguvu ya motere yake inaanzia wapi, na mizunguko yake ni mingapi akiwa kwenye mwendo wake wa kawaida. Kama anatembea kwenye 2200 na konvetisa ni ya 3000, isiyo na klachi ya kufunga, atateleza safari nzima na esanse itakwisha bure. Na asiiweke bila radiyateri ndogo ya pekee ya mafuta ya buati.

Radiyateri hiyo hiyo ndiyo ningewashauri wale mababa wanunue, pamoja na mafuta mapya, badala ya konvetisa. Au basi buati ya mkono, ambayo mekanisye wetu wengi wanaifahamu vizuri. Chama cha mashofere kingeweza kuweka siku moja kwa wiki ya kupima motokari zinazouzwa, mbele ya mnunuzi. Kazi ya nusu saa.

Yule baba hakununua. Franga bado ziko kwa mke wake, na Jumamosi tunakwenda kuona nyingine karibu na gari la moshi.