Risala ya Manahodha na Mabaharia wa Resi za Ngalawa, Unguja, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa wanakamati,
Wazee wetu na wananchi mliohudhuria,



 Tunaishukuru kamati ya resi kwa kuuweka hai mchezo huu wa wazee wetu. Kwa kuwa tumepewa nafasi ya kusema kabla matanga hayajapandishwa, tunaomba tuseme bila kuficha: resi zetu zina mabaharia hodari, lakini hazina hukumu inayoeleweka.

Mheshimiwa, ngalawa inayoshindana leo ndiyo inayokwenda kuvua kesho. Ndubi ya ubavuni ikivunjika kwenye mstari wa kuanzia, mwenyewe hakai tu bila ya zawadi. Hukosa bahari mpaka fundi alipwe. Ndiyo maana tunataka sheria.

MALALAMIKO YETU

Kwanza ni mwanzo wa resi. Mstari hukisiwa kwa macho, na filimbi hulia bila ya sisi kujua zimebaki dakika ngapi. Aliyetangulia filimbi haambiwi hapo hapo. Huachwa akayazunguka maboya yote, akafika wa kwanza, watu wakamshangilia, ndipo aambiwe kuwa hahesabiwi.

Kanuni za World Sailing, zinazofuatwa hadi kwenye Olimpiki, hazifanyi hivyo. Ishara ya onyo hutolewa dakika 5 kabla, ya maandalizi dakika 4, na nyingine inapobaki dakika 1. Aliyevuka mapema huitwa mara moja kwa bendera na mlio. Hurudi nyuma ya mstari, akawapisha walioanza sawasawa, akaanza upya. Hasara yake ni muda alioupoteza. Wakivuka wengi wasiotambulikana, wote hurudishwa. Ipo pia bendera nyeusi: ikipandishwa, chombo kitakachoonekana mbele ya mstari, upande wa boya la kwanza, katika dakika ya mwisho huondolewa bila ya kusikilizwa. Ni adhabu kali, lakini hatuipingi, kwa sababu kila nahodha ameiona bendera kabla ya kujitia hatarini. Tunachopinga sisi ni kuadhibiwa kwa bendera nyeusi ambayo haikupandishwa.

Pili ni pingamizi. Nahodha aliyegongwa akifika pwani hana pa kulipeleka neno lake. Huzungukwa na mashabiki, kila mmoja akishuhudia, na mwenye sauti kubwa ndiye mshindi. Mara nyingine zawadi zimeshatolewa kabla mlalamikaji hajashusha tanga.

Kwingine pingamizi lina njia yake. Mwaka 2008, kwenye Olimpiki ya China, mlingoti wa chombo cha Denmaki ulivunjika kabla ya mbio za mwisho za daraja la mashua za 49er. Mabaharia wake wakaazima chombo cha Kroatia, wakashindana, wakapata dhahabu. Pingamizi likawekwa, jopo likakaa, dhahabu ikabaki kwa Denmaki. Hispania na Italia zikaenda hadi Mahakama ya Usuluhishi ya Michezo, rufaa zao zikakataliwa. Walioshindwa hawakufurahi, lakini kila hatua walikuwa na mlango wa kubisha. Sisi tukitoka pwani tumetoka.

Tatu ni waamuzi wenyewe. Hatumtuhumu mtu wizi. Lakini mwenye ngalawa, au ndugu yake, akikaa kuamua kesi ya ngalawa hiyo, hata hukumu ya haki hunuka.

Nne ni adhabu ya kugongana. Kanuni za kimataifa humruhusu aliyekosa ajisafishe papo hapo kwa kuzungusha chombo mara 2. Kwa mashua ndogo za kisasa hilo ni jambo la sekunde chache. Ngalawa haigeuki hivyo: kila inapobadili upande, foromali, mti unaobeba tanga, na tanga lenyewe lazima vipitishwe upande wa pili wa mlingoti. Mizunguko 2 katikati ya kundi itazaa migongano mipya.

MAOMBI YETU

1. Mstari wa kuanzia uwe baina ya boya na mlingoti wa mashua ya kamati, na ishara za dakika 5, 4 na 1 zitolewe kwa bendera na honi.

2. Aliyetangulia aitwe papo hapo. Kamati ikishindwa kumwita, isimwadhibu baada ya kumaliza.

3. Mwenye pingamizi apige ukelele na aonyeshe kitambaa chekundu akiwa bado baharini, kisha aliandikishe pwani. Muda wa kawaida wa kimataifa ni saa 2 baada ya chombo cha mwisho kufika; sisi tunaomba saa 1, kwa kuwa wageni wana safari. Zawadi zisubiri.

4. Liundwe jopo la watu 3, asiwemo mwenye ngalawa, jamaa yake wala mfadhili wake. Pande zote mbili ziwepo, mashahidi waulizwe, na uamuzi usomwe hadharani pamoja na sababu zake.

5. Aliyegonga kwa kosa arudishwe nafasi kadhaa kwenye matokeo, idadi yake itajwe kwenye kikao cha manahodha kabla ya resi. Akivunja chombo cha mwenzake, achangie matengenezo.

Kwa upande wetu, tunaahidi kuwa nahodha atakayemtukana mwamuzi, au atakayeleta mashabiki kwenye kikao cha jopo, tutaunga mkono afungiwe. Na hukumu ikishasomwa kwa utaratibu huu, hata ikitukata, tutaipokea.

Mheshimiwa, bendera, honi na karatasi havifikii gharama ya ndubi moja. Tunaomba maombi haya yajibiwe kwa maandishi kabla ya resi ijayo.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Manahodha na Mabaharia wa Ngalawa