Mhakiki Asiye na Mchapishaji

Yako maneno yaliyosemwa katika kikao cha idara ya Kiswahili ya chuo ambacho sitakitaja, na mimi nilikuwamo. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili alikuwa ameandika tasnifu juu ya riwaya za wanawake wa Tanzania. Katika sura ya tatu alijadili mapitio ya vitabu yaliyoandikwa na mwanamke mmoja akaaye Kizota, magharibi ya mji wa Dodoma, mwandishi wa riwaya ambaye huchapisha vitabu vyake kwa fedha zake mwenyewe. Kikao kiliamuru sura ile iondolewe. Sababu iliyotolewa ni kwamba mtu ajichapishaye si mhakiki. Niliona kuwa hiyo ni dhuluma, na hata hivyo nikatia sahihi. Maandishi haya, basi, ni ya mtu anayepingana na sahihi yake.

Mama huyo aishi si mbali na maghala ya taifa ya nafaka. Riwaya zake huzichapisha nakala mia tatu kwa mara moja, akaziuza kwa mkono. Kila asomapo riwaya ya mwanamke mwenzake huandika kurasa tatu au nne juu yake, hupiga kopi, na kumpa bure kila anunuaye kitabu. Nimezisoma kurasa hizo zote nilizoweza kuzipata. Katika idara yetu sijui mwingine aliyezisoma kabla ya kuzihukumu, ila yule mwanafunzi.

Tutazame mfano. *Shida* ya Ndyanao Balisidya ilitoka Nairobi mwaka 1975. Mwandishi alikuwa mwana wa Ugogo, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafariki 1987. Sisi wasomi tumeitia riwaya hiyo katika fungu la vitabu vya vijana wakimbiao shamba kwenda mjini, tukaifungia humo. Twamfuata Chonya hatua kwa hatua, na Matika twamtaja pale tu tunapohitaji mfano wa msichana aliyeharibiwa na mji. Mama wa Kizota aliandika kwamba alikisoma kitabu mara mbili: mara ya kwanza kama tulivyofundishwa shuleni, mara ya pili akimfuata Matika peke yake, kana kwamba Chonya ndiye apitaye pembeni. Akauliza kwa nini msiba wa kijana huitwa shida ya nchi, na msiba wa msichana huitwa shida ya tabia. Nimefundisha *Shida* miaka kumi na mbili, na swali hilo sikulitia hata mara moja katika mtihani.

Au tuchukue *Mwisho wa Kosa* ya Z. Burhani, ya mwaka 1987. Iliwekwa kuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za Kenya, na kikifika hapo kitabu huzaa miongozo. Miongozo iliwafundisha watoto kuhesabu makosa ya Monika, msichana arejeaye kutoka Ulaya na kuyadharau ya nyumbani, kama karani ahesabuye magunia. Mama huyu hakumtetea Monika. Alisema tu kwamba mwandishi amempa msichana yule akili na uchungu ambavyo mwongozo hauna safu ya kuvijazia. Huo ni uhakiki, wala sijui jina jingine la kuuita.

Lakini yasemwa: hana mhariri. Kweli hana, na chapa zake zina makosa mengi. Tena niseme wazi kwamba riwaya zake mwenyewe sizipendi sana, machozi ni mengi kuliko visa. Hayo ni ya riwaya zake. Pale ghalani, mkaguzi apokeaye mahindi huchoma gunia kwa bambo akatazama punje zilizotoka. Hasomi jina la mshonaji wa gunia.

Tena kama kujichapisha ni aibu, aibu hiyo na igawiwe sawasawa. Shaaban Robert alianzisha shirika lake mwenyewe la kuchapisha vitabu, naye ndiye aliyetuandikia wasifu wa Siti binti Saad, akaupima usanii wa mwanamke huyo katika zama ambazo wengi waliona hauna haja ya kupimwa. Karatasi zilipoadimika katika miaka ya 1980 na Tanzania Publishing House ikadhoofika, Elvis Musiba alikuwa na Continental Publishers, Kajubi Mukajanga na Grand Arts Promotion, Ben Mtobwa akaja na Heko. Hao leo twawaandikia makala. Na Virginia Woolf, ambaye nusu ya kikao kile humnukuu katika mihadhara, alianzisha Hogarth Press pamoja na mumewe mwaka 1917. Tangu *Jacob's Room* ya 1922 riwaya zake zilitoka katika nyumba yake mwenyewe, na kitabu chake cha 1929 juu ya wanawake na uandishi kilitoka humo humo. Huku nyuma alikuwa akihakiki riwaya za wanawake magazetini. Hakuna aliyependekeza Woolf aondolewe katika sura ya pili.

Yasemwa pia kwamba mama huyu huhakiki ili auze. Ajabu ya mfanyabiashara huyo ni kwamba humpeleka mteja kwenye vitabu vya wenzake! Mwenye kutafuta upendeleo na atazame orodha za vitabu vya kiada katika vyuo vyetu, ahesabu ni vingapi vimeandikwa na wenye kuzitunga orodha.

Baada ya kikao nilikwenda Kizota kumweleza, kwa kuwa niliona haya asisikie kwa mwingine. Alinikaribisha, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "na hizo riwaya zenyewe, wale wazee wa kikao wamezisoma?"

Nikamwambia, "Mama, baadhi."

Akaingia ndani, akatoka na *Shida* yake iliyolegea jalada, akaniambia niwapelekee, wakimaliza wairudishe.

Kitabu kimo mezani pangu. Juu yake ipo barua niliyoiandikia idara, ya kuifuta sahihi yangu na kuomba sura ya tatu irejeshwe kabla mwanafunzi hajaitwa kutetea tasnifu yake.