Mganga Asiyeujua Muiri

Katika miezi ya Juni na Julai, ukungu unapoushukia mji wa Nyeri na kuuficha Mlima Kenya kwa siku nyingi mfululizo, hata mgeni akaweza kuapa kwamba mlima haupo, vijana watano hukusanyika nyumbani kwangu kila Jumamosi jioni, wawili wakiwa wana wa dada yangu na watatu rafiki zao, wakaizunguka meza ya chakula kwa penseli, madaftari na dadu za ajabu, mojawapo ikiwa na nyuso 20, na kwa muda wa saa nne au tano huwa hawapo Nyeri tena.

Mchezo wao ni wa ukoo wa ule uliopigwa chapa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson kwa jina la Dungeons & Dragons. Kila mchezaji hujivika mhusika, yaani nafsi ya kubuni yenye nasaba, kazi na udhaifu wake, na mmoja wao, ambaye vijana humwita masta, huusimulia ulimwengu wanamotembea na kukata hukumu panapokuwa na shaka. Shaka ikizidi, dadu hurushwa: masta huweka kiwango, tuseme 15, na anayekifikia au kukipita hufaulu. Kurusha dadu ili kuruka handaki au kuvunja mlango sina neno nako, kwa kuwa miguu huteleza na makufuli hukaidi. Ninalolizungumza leo ni dadu inayorushwa kuuliza kama mtu anajua jambo au halijui.

Jioni moja masta, ambaye ndiye mkubwa wa wapwa zangu, aliwafikisha wenziwe ukingoni mwa mto uliofurika, katika msitu alioubuni kwa kuufuata ule wa Nyandarua, mmoja wao akiwa hoi kwa homa. Miongoni mwao alikuwamo mganga wa mitishamba ambaye mchezaji wake alikwisha kumwandikia, tangu siku ya kwanza, miaka 30 ya kuishi msituni. Mganga akauliza kama gome la mti uliokuwa mbele yao ni la muiri, na kama laweza kumtuliza mgonjwa. Masta akamwamuru arushe dadu, ikaanguka tatu. “Hujui,” akasema masta, akanyamaza. Walikaa pale mtoni, wakizunguka na kurudi, hata chai niliyowapelekea ikapoa vikombeni, na mwisho mwenye mganga akanigeukia: “Mjomba, hebu tuamulie. Mganga wa miaka 30 anaweza kutoujua muiri?”

Sikumjibu usiku ule, kwa sababu mzee akiingia katika ugomvi wa vijana huharibu mchezo na heshima yake kwa pamoja. Walakini swali lilinikaa. Muiri si mti wa siri katika nchi hii: wazee wetu walilichemsha gome lake kabla ya hospitali kuwako, na Wazungu nao wamelinunua kwa ajili ya dawa ya tezi dume kwa wingi uliotisha, hata mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe walio hatarini. Mganga asiyeutambua si mganga, na masta aliyeitaka dadu iseme kama anautambua alikuwa akiuliza kwa mara ya pili jambo ambalo maisha ya mhusika yalikwisha kulijibu. Bahati nasibu ina mahali pake. Si haki yake kumfuta mtu miaka 30 kwa mrusho mmoja. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Kosa la pili ni dogo, nalo nitalipita upesi. Mmoja akishindwa, aghalabu wote hudai kurusha, na masta mpole huwaruhusu. Kwa kiwango cha 15, asiye na nyongeza yoyote hufaulu mara 6 katika 20. Wakirusha wachezaji wote wanne, mmoja wao kufaulu ni jambo la zaidi ya mara 7 katika 10. Basi maarifa hupatikana mara nyingi, ila humwangukia yeyote: mwanachuoni huduwaa, na baunsa ambaye hajafungua kitabu tangu kuzaliwa huanza kueleza nasaba za wafalme.

Kosa la tatu ndilo kubwa, nalo ni ile “hujui” iliyofuatwa na kimya. Hapa ndipo ninapoona ajabu, maana vijana wa Afrika Mashariki ndio watu wa mwisho duniani kustahili kulitenda. Nani kati yetu hakukaa jikoni kwa bibi yake akisikia “Kitendawili!” na kuitika “Tega!”? Na aliposhindwa, je, bibi alinyamaza, watoto wakalala bila ya jibu? Hasha. Alisema, “Nipe mji.” Aliyeshindwa alitoa mji, Mombasa au Unguja au mwingine wowote ulio mzuri masikioni mwake, bibi akaupokea, akajisifu kidogo jinsi alivyokwenda huko na kukirimiwa, ndipo akalitoa jibu mbele ya wote. Litazame jambo hilo kwa makini, msomaji: kutojua kulikuwa na gharama, na gharama ikishalipwa siri ilifunuliwa, na usiku ukaendelea. Sijapata kuona katika vitabu vya michezo hii, ambavyo wapwa zangu hunipa nivisome, kanuni nyepesi kuliko hiyo. Mkanada Robin D. Laws aliikaribia mwaka 2007 katika mchezo wake wa wapelelezi, alipoamua kwamba mwenye fani inayohusika, akitafuta mahali panapostahili, apewe dalili bila ya dadu. Huyo amempatia haki mwenye ilimu. Asiyekuwa nayo bado anamhitaji bibi.

Wagikuyu, ambao ndio wenyeji wa miteremko hii, walikuwa na jambo kubwa zaidi ya ndai, yaani vitendawili, za watoto. Walikuwa na gicandi, utungo wa mafumbo ulioimbwa na watu wawili kwa kushindana, mkononi mkiwa na kibuyu kilichochorwa alama za kumkumbusha mwimbaji njia ya utungo wake. Mmoja alifumba, mwenzake akafumbua na kufumba lake, na aliyekwama alikipoteza kibuyu. Padre Vittorio Merlo Pick, wa shirika la Consolata lililofika nchi ya Wagikuyu mwaka 1902, alizikusanya ndai na gicandi katika kitabu kilichotoka mwaka 1973, na Ngũgĩ wa Thiong'o akamfanya mwimba gicandi kuwa msimulizi wa riwaya yake ya mwaka 1980. Linalonivutia mimi ni kwamba aliyefumbua ndiye aliyeimba. Masta na ajifunze hapo: mganga akiujua muiri, masta amnong'oneze au amwandikie karatasini, kisha mganga mwenyewe awaambie wenziwe kwa kinywa chake, badala ya masta kuwahutubia wote kana kwamba maarifa yameshuka kutoka darini.

Na iwapo hapana anayejua kabisa? Kutojua nako kuna hadithi zake. Januari 1943, pale Nanyuki, wafungwa watatu wa Kiitaliano, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya wafungwa wa vita ili wakaupande Mlima Kenya. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni yale waliyoyaona kwa macho kupitia seng'enge, na picha ya mlima katika karatasi ya kopo la nyama. Batian, mita 5,199, iliwashinda. Benuzzi na Balletto wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao, wakahukumiwa siku 28 za kufungiwa peke yao, wakatumikia saba. Lau masta wangu angalikuwa ndiye mwenye mlima ule, angaliwarushisha dadu langoni, akawaambia hawaijui njia, nao wangalirudi kulala.

Wapo masta wanaorusha dadu wenyewe kwa siri, na ikianguka vibaya humwambia mchezaji uongo. Mimi hilo silipendi. Maneno ya masta ndiyo macho na masikio ya mchezaji. Akisha kuyatilia shaka, ulimwengu mzima humpotea. Akitaka uongo uwepo, na aupe mwenyewe: “Mchuuzi mmoja wa Chuka husema gome hilo huua.” Mchuuzi aweza kukosea, au kusema uongo kwa sababu zake, na vijana waweza kumtafuta wamkabili.

Jumamosi iliyofuata niliwaeleza habari ya bibi na mji, kisha nikarudi kwenye gazeti langu. Haukupita muda, askari wao mmoja akataka kujua maana ya alama zilizochongwa juu ya jiwe. Akarusha, ikaanguka mbili. Masta akafikiri, akasema, “Nipe mji.” Kijana akacheka, akatoa Karatina bila ya kuwaza, kwa kuwa katika dunia yao ya kubuni ndio mji wanaoutembelea kwa soko kila mara. Masta akaandika daftarini kwamba tangu siku hiyo askari yule anadaiwa Karatina deni la aibu na hawezi kuingia humo mchana, akamsomea alama zile neno kwa neno, wakapita. Majuma matatu baadaye walihitaji punda sita na mahindi ya safari ndefu, na soko lililokuwa karibu nao lilikuwa ni moja tu.